Ndagala Bila Mchanga

Krr. Krr-krr. Kabla sijajua kuandika jina langu, Nyota, nilikuwa nimeshaujua mlio huo. Ulikuwa mlio wa mchanga kati ya meno ya baba, jioni, nyumbani Kilembwe, mbali na ziwa, ugali katikati na ndagala, dagaa wa ziwani, pembeni. Baba alikuwa anatafuna, anasimama, anatazama paa kama mtu anayesikiliza redio, halafu anameza. Hakulalamika hata siku moja. Mama alikuwa ameziosha mara tatu, mara nne, na bado. Sisi watoto tulimcheka kimoyomoyo, mpaka na sisi, krr.

Naandika haya kwa ajili yenu mnaobaki kwenye vichanja vyetu hapa Baraka. Juma hili nimetoka kwenye kiti cha uongozi wa chama chetu. Nilipomwambia jirani kwamba napumzika kazi, alinitazama toka kichwani mpaka miguuni.

"Retreti? Na meno yote kinywani?"

Ndiyo, na meno yote. Miaka thelathini sijaifikisha. Lakini kanuni ya chama chetu inasema aliyekaa kwenye kiti misimu ya kutosha ainuke, mwingine naye ajifunze, na kanuni hiyo niliitaka mimi mwenyewe siku nilipokuwa na ushujaa zaidi kuliko leo. Mambo ya nani alipewa cheo gani sitayagusa. Nitawaambia tulivyoanza, maana wengi wenu mmekuta vichanja vimesimama, mnafikiri viliota. Shule nimeishia mwaka wa pili wa sekondari, kwa hiyo mkikuta sentensi imepinda, inyoosheni wenyewe.

Nilikuja Baraka kukaa kwa mama mdogo, na mama mdogo, ambaye hakupenda kuona mtu amekaa, akanipeleka pwani kwa Mama Mwajuma. Mlio wangu wa utotoni sasa niliuona kwa macho: mchanga, mchanga mtupu, na juu yake ndagala zimemwagwa kama nguo za fedha. Wavuvi walikuwa wanarudi alfajiri na taa zao, wanawake wanaingia majini mpaka magotini na mabeseni, kelele, matusi ya kirafiki, bata wanakimbia huku na huku. Mimi nilisimama mdomo wazi. Sikuwahi kuona mahali penye haraka namna ile.

Mama Mwajuma alikuwa mjane, mfupi, mwenye kicheko kinachotangulia mwili wake. Nyumbani kwake wajukuu walilala mstari mmoja kama sigara ndani ya pakiti, na wote walikula kwa mikono yake miwili. Aliniachia beseni la kwanza. Nikamwaga.

"We mutoto wa Kilembwe! Unamwanga kama unalisha kuku! Nyoosha mukono. Kila ndagala ikae na kitanda yake."

"Zote, Mama?"

"Zote. We unalalaka juu ya mwenzako?"

Hilo ndilo somo la kwanza, na mpaka leo halijabadilika. Zikibebana, za chini zinaoza huku za juu zinang'aa, na mteja atagundua akiwa mbali na wewe, atakutukana peke yake.

Somo la pili lilihusu mahali. Ninyi wa sasa hamlijui vizuri, kwa hiyo nisikilizeni. Kule kwenye mchanga kila mama alikuwa na mahali pake, penye mawe pembeni, na mahali hapo alipapata kwa mama yake au kwa shangazi yake. Ukipaacha, hata siku moja tu, kwa hiari yako, anayeingia ameingia. Huendi kwa chifu, hupigi kelele. Umeacha, basi. Mwanamke aliweza kuwa na homa ya kufa na bado akamtuma mtoto akakae juu ya mchanga wake na kanga.

Nilifanya kazi na Mama Mwajuma msimu mzima. Nilipenda kila kitu isipokuwa ule mchanga. Mvua ikipiga, ndagala zinageuka matope. Upepo ukivuma, changarawe ndani ya matumbo yao. Niliwaza watu wa nyumbani, niliwaza baba anatazama paa.

Halafu yakaja mafunzo. Kwenye ukumbi wa parokia, kijana mmoja kutoka Uvira alikuja kufundisha namna ya kuanzisha biashara ndogo ambayo inasaidia na jirani pia, si wewe peke yako. Mama mdogo aliniandikisha kwa sababu walikuwa wanatoa chakula cha mchana. Mimi nilikaa mbele kabisa. Yule kijana akasema, "Usianze na kitu unachotaka kuuza. Anza na kitu kinachosumbua watu. Nani anisaidie, nini kinasumbua watu?"

Watu walitaja barabara, walitaja vita, walitaja umeme. Mkono wangu ukapanda wenyewe.

"Mchanga ndani ya meno."

Ukumbi ulicheka mpaka padri akachungulia. Lakini kijana hakucheka. Aligeuka akaandika ubaoni kwa herufi kubwa, MCHANGA NDANI YA MENO, akapiga mstari chini. Sijui niwaelezeje. Nilikuwa msichana ambaye maneno yake hayajawahi kuandikwa mahali popote. Nilirudi nyumbani nikikimbia, na chakula cha mchana nilikisahau, jambo ambalo mama mdogo hajanisamehe.

Alikuwa ametuambia pia tujaribu kidogo kwanza, tuone. Nikajenga kichanja nyuma ya nyumba: nguzo nne, fito, na kipande cha wavu mzee juu. Nilikiweka chini chini, kama kiti. Wateja wangu wa kwanza walikuwa bata wa jirani. Hawakulipa, lakini walirudi. Nikapandisha mpaka kiunoni, akaja mbuzi. Nikapandisha mpaka kifuani, na pale ndipo ndagala zilipokauka salama, upepo unapita chini na juu, na kwa jua moja tu zilikuwa zinavunjika kichwani tak, bila punje moja ya mchanga. Kipimo cha kifua kimetoka kwa mbuzi yule. Msikibadilishe.

Nikampelekea Mama Mwajuma kiganja kimoja. Alizitafuna akiwa ameinamisha kichwa. Akaniuliza kitu kimoja tu: "Tutapata wapi pahali?"

Alisema "tutapata". Mimi nilikuwa bado nasema "nitapata".

Pwani ya upande ule wa mwisho, penye majani, ilikuwa ya Papa Anzuruni, mwenye mitumbwi na nyavu. Alikuwa mtu mkubwa wa maneno machache, ambaye hata akikusalimu unajihisi umechelewa. Tulimkuta anashona wavu.

"Vitanda vya samaki," alisema baada ya kutusikiliza. "Mutaziwekea na mito?"

"Papa, utupe mpaka mvua zianze," nilisema.

Alivuta uzi, akafunga fundo. "Mpaka mvua zianze. Kama bamama banaishi kwa kazi hiyo, mubaki. Kama hapana, nguzo zinatoka, mi naweka mitumbwi yangu."

Njiani nilimsihi Mama Mwajuma asiache mchanga wake. "Mama, baki kwa pahali pako, mi nijaribu peke yangu."

"Na nani atageuza za kule nikiwa huku? We, na ile mikono ya kulisha kuku?"

Kesho yake aliyaondoa mawe yake mwenyewe, moja moja, akayatupa ziwani. Kabla jua halijasimama mwanamke mwingine alikuwa ameshatua beseni pale. Hakuna aliyepiga kelele. Mimi ndiye niliyetaka kupiga. Sasa mnaelewa: ndoto ilikuwa yangu, lakini aliyebaki bila mahali duniani pa kukaushia, na wajukuu wale, alikuwa yeye. Mvua zikitukuta bure, hana huku, hana kule.

Tulijenga kwa furaha ya ajabu. Wanawake wengine wanne waliokuwa hawana mchanga wao walijiunga. Miguu ya nguzo tuliipaka oili chafu ya moteri za boti ili mchwa wasile. Safu tulizielekeza upande wa upepo wa ziwa. Halafu ikafika siku ya ufunguzi, ambayo niliipanga mimi, kwa akili zangu zote. Nilitaka Papa Anzuruni awepo, na wavuvi wake wawepo, na wavuvi wa Ubwari, ile rasi ya ng'ambo, pia kama wanaweza. Nikatafuta siku ambayo wavuvi wote wako nyumbani. Nikaipata.

Wote walikuja. Mchungaji alikuja, shehe alikuja, ngoma ilikuja. Vichanja vilikuwa vimesimama vizuri, vitupu kabisa. Wavuvi walikuwa nyumbani kwa sababu mwezi ulikuwa umejaa, na mwezi ukijaa taa haziiti ndagala, hakuna anayetoka kuvua. Nilikaa msimu mzima pwani, nikalijua jambo hilo vizuri, na bado nikawakaribisha watu kuja kutazama samaki siku ambayo ziwa lote limefungwa.

Papa Anzuruni alipitisha mkono juu ya wavu mtupu. "Nyota, tutakula vichanja?"

Nilitaka ardhi inimeze. Mama Mwajuma akapotea, akarudi na beseni kichwani, kicheko chake kimetangulia, akaanza kuanika nguo za wajukuu zilizofuliwa asubuhi. Kaptula, vitenge, shimizi. "Banaona upepo inapita namna gani?" aliwaambia wageni, kama vile tulipanga. Mchungaji aliombea vichanja vyetu akiwa ameinua mkono juu ya sketi. Nguo zilikauka haraka kweli, na mimi nasema mpaka leo, lile lilikuwa tangazo zuri kuliko kama tungeweka samaki.

Mwezi ukapungua, taa zikarudi ziwani, na kazi ikaanza. Ee, ile kazi! Tulifika giza halijaisha, tulikausha, tuligeuza, tulifukuza kunguru kwa nyimbo za kanisa na za harusi zikichanganyika. Ndagala zilitoka safi, nyepesi, zinang'aa. Tulijaza magunia. Nikasema, hizi zinakwenda Kilembwe, kwa watu waliotafuna mchanga maisha yao yote. Watanibeba mabegani.

Nilipanda pikipiki na magunia, barabara mbaya, vumbi mpaka kwenye kope. Sokoni Kilembwe mwenye sauti juu ya ndagala alikuwa Mama Wabiwa. Yeye asiponunua, wadogo hawanunui. Alifungua gunia, akaingiza mkono mpaka chini kabisa, akautoa, akasugua vidole. Akaingiza tena.

"Hii ni samaki ya wapi?"

"Ya ziwa, Mama. Ya Baraka."

"Muchanga yake iko wapi?"

"Hakuna. Tumezikausha juu, kwa wavu."

Alinitazama kwa huruma. "Mutoto wangu. Ziwa bila muchanga? We umeshaona mutu anatoka kwa mvua mukavu? Hizi ni za bwawa. Ao za kiwanda."

"Mama, mi ni mutoto wa hapa hapa!"

"Njo maana nakuambia kwa upole."

Sikuwahi kufikiria hilo. Kwetu Kilembwe, mchanga chini ya sufuria ndio ushahidi. Ndivyo mama zetu walivyojua kwamba samaki ametoka ziwani kweli, hakuokotwa njiani. Nilikwenda nyumbani, na mama yangu mwenyewe, aliyenizaa, akaziosha mara tatu, akatazama maji masafi ndani ya beseni, akaniuliza taratibu: "Nyota, wamekudanganya huko?"

Magunia yalirudi Baraka na mimi nikiyalilia mgongoni mwa dereva. Mama Mwajuma aliposikia, kwanza alicheka mpaka akakaa chini. "Miaka yote banatutukana juu ya muchanga! Sasa banatafuta!" Halafu akainua macho. Upande wa Ubwari mawingu yalikuwa yanajenga, meusi chini. Papa Anzuruni alipita siku hiyo akitazama mbingu, akatusalimu, akaendelea. Alikuwa ameshika kamba mpya.

Mama mmoja wa kikundi akapendekeza tunyunyizie mchanga kidogo tu, wa harufu. Sicheki, tulilijadili. Mama Mwajuma ndiye aliyekataa. "Niliacha pahali pangu juu ya muchanga, halafu niufuate tena kwa gunia?"

Nilikaa nikiwaza yale mafunzo. Kijana wa Uvira alituambia tuanze na kinachosumbua watu, nami nilianza hapo. Ila nilimwonjesha nani? Mama Mwajuma, ambaye mchanga alikuwa anaukanyaga kila siku. Watu wa Kilembwe niliwaletea gunia lililofungwa na maneno. Wao neno la mfanyabiashara wanalijua. Nikasema, "Mama, tuwapikie. Sokoni. Bila kuosha."

Alinitazama kama nimesema tupike na manyoya. "Bila kuosha?"

"Mbele yao."

"Basi mi nakwenda na we. Mi na sufuria yangu. Kama banatupiga, batupige wawili."

Hakuwahi kufika mbali hivyo kwa pikipiki. Alifunga macho mpaka Fizi, akafungua kuuliza kama tumefika, akafunga tena.

Siku ya soko tuliwasha mkaa mbele ya meza ya Mama Wabiwa. Mawese yakachemka, vitunguu, nyanya, pilipili. Watu walikusanyika kwa harufu. Halafu nikafungua gunia, nikachota kwa mikono miwili, nikazitumbukiza zilivyo.

"Eee! Hakuosha!"

"Huyu mutoto wa nani?"

Mama yangu alikuwa hapo. Alifunika uso na kitambaa. "Nyota, unanihaibisha mbele ya soko."

"Ngojea, Mama."

"Meno ya batu, Nyota!"

Mama Mwajuma alikoroga sufuria, akachota kwenye sahani, akampelekea Mama Wabiwa kwa mikono miwili na goti likikunjwa, kama mgeni anavyompa mwenyeji. "Dada, mi nimetoka mbali na matako yanauma. Onja, halafu unifukuze."

Mama Wabiwa hakuweza kukataa. Aliingiza moja mdomoni akaitafuna tunavyotafuna sisi wa Kilembwe, kwa upande mmoja, polepole, kwa jino asilolipenda. Akahamishia upande wa pili. Akatafuna kwa nguvu. Akachukua tatu kwa pamoja, akazisaga, na macho yake yakafunguka.

"Muchanga umebaki wapi?"

"Baraka, Dada," alisema Mama Mwajuma. "Batoto banauchezea."

Kicheko kilichopanda pale nakisikia mpaka leo. Mikono iliingia sufuriani toka kila upande. Mama yangu alikula akiwa bado amefunika nusu ya uso. Mtu mmoja aliuliza kama anaweza kupangusa sufuria na ugali wake, akapangusa. Mama Wabiwa alivuta magunia yote mawili upande wake wa meza, lakini alinyoosha kidole: "Utaniletea tena. Na utakuja upike soko tatu mufululizo, mpaka hata benye vichwa vigumu baonje." Nikasema nitakuja hata kumi.

Mvua ilitukuta njiani tukirudi. Mvua yenyewe, si manyunyu. Tulifika pwani tumelowa, na Papa Anzuruni alikuwa amesimama kati ya vichanja na vijana wake sita na kamba. Nguzo ya kwanza ilikuwa imeshashikwa na mikono.

Mama Mwajuma alishuka, miguu imekufa ganzi, akamwendea akichechemea. Akamwonyesha magunia matupu yaliyokunjwa kwapani.

"Bamekula?" aliuliza Papa Anzuruni.

"Bamekula, na sufuria bamelamba."

"Bila kuosha?"

"Bila kuosha."

Alisimama mvua ikimwagika usoni. "Bila kuosha," alirudia, taratibu, kwake mwenyewe. Kisha akawageukia vijana. "Muache hiyo nguzo. Munaangalia nini? Mukamate yale maturubai ya mitumbwi, mufunike samaki ya bamama, zinalowa!"

Nilicheza pale kwenye matope. Sina aibu kusema.

Juma hilo hilo walianza kuja wanawake wa mchanga, mmoja mmoja, na mabeseni yao, wanajifanya wamepotea njia. Wa Ubwari walikuja kwa boti, wakapima urefu wa nguzo kwa vifua vyao, wakaondoka wakibishana. Na akaja yule aliyeingia mahali pa Mama Mwajuma. Alisimama mbali, akauliza kama kuna nafasi. Mama Mwajuma alisogeza ndagala zake kwa kiganja, akafungua wazi nusu ya kichanja.

"Iko. Ingia. Mbona unasimama kama mugeni?"

Siku hiyo ndipo tulipokubaliana, bila mkutano, kwamba kwenye vichanja hakuna mawe. Aliye mgonjwa, mahali pake panamsubiri, na wenzake wanageuza za kwake. Mimi kazi yote iliyofuata, miaka yote, naiona ilikuwa kulinda jambo hilo tu. Mengine ni wavu na misumari.

Sasa narudi Kilembwe. Kule watu wanaanika mihogo kando ya barabara, na unga una vumbi la kila pikipiki iliyopita, na mimi usiku silali vizuri kwa furaha, nikiwaza namna ya kuliondoa vumbi hilo. Mama Mwajuma ameniambia mahali pangu patanisubiri. Nimemwambia hapana, mimi si mgonjwa, mimi nimekwenda. Ampe msichana anayekuja akiwa hana mahali pwani. Alinuna siku moja nzima, halafu akanifungia ndagala za safari.

Jana mchana, wakati nyote mmekwenda kula, nilibaki pale peke yangu. Wavu wa kichanja changu ulikuwa umelegea kona moja, wa kutosha kuangusha samaki wa mtu asiyejua. Nilitafuta uzi, nikapiga magoti chini yake, nikaziba tundu moja, nikaona la pili, nikaziba na hilo, nikavuta kona mpaka wavu ukakaza. Nikamwaga juu yake beseni la maji kuona kama utalegea tena. Maji yakapita, wavu ukakaa, tayari kwa msichana ajaye.